Wenye Vitabu Wanadaiwa

Manispaa ya Morogoro ina mafrateri, wanovisi, masista na wahadhiri wa dini kwa wingi usiolingana na ukubwa wa mji wenyewe. Wasalvatoriani wana chuo kikuu chenye jina la mwanzilishi wao, Jordan. Wakonsolata wanalea vijana wao hapa. Masista wa Moyo Safi wa Maria wako Mgolole, Walutheri wana seminari yao, Waanglikana wana dayosisi tangu 1965, na Waadventista wa Sabato wana kiwanda chao cha uchapaji. Juu ya yote hayo kuna milima ya Uluguru, yenye vigango na mitaa ambako Injili imehubiriwa kwa zaidi ya miaka 100. Mahali pa namna hii hapana udhuru wa kuwa na waumini wanaomjua mwalimu mmoja tu wa maisha ya kiroho. Hata hivyo wapo, tena ni wengi, na gazeti hili linaona wakati umefika wa kusema ni nani anayewajibika.

Huyo mwalimu mmoja ana sura nyingi. Katika nyumba ya malezi ni mwanzilishi wa shirika: picha yake iko sebuleni, maneno yake yamo kwenye kalenda, na wasifu wake umepangwa kabatini nakala kumi na kitu, huku jirani yake kabatini akiwa vumbi. Parokiani ni kijitabu cha novena kinachouzwa mlangoni baada ya Misa ya kwanza, kati ya rozari na mishumaa. Mitaani, kuanzia Msamvu hadi Kihonda, ni mtumishi wa kwenye simu. Klipu yake inaingia kwenye kikundi cha kwaya alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi kuna mtu sokoni anamhukumu mwenzake kwa maneno yaliyomo humo.

Hatusemi kwamba walimu hao ni wabaya. Wengi wao ni wazuri, na wengine ni watakatifu waliotangazwa. Kosa ni la aliyekabidhiwa wengi akagawa mmoja.

Tuanzie mlimani, maana huko ndiko ubahili huu unakoumiza. Katekista wa kigango cha mbali upande wa Mgeta anaongoza ibada Jumapili nyingi bila padre. Sanduku lake la bati lina Misale, kitabu cha nyimbo, katekisimu, madaftari ya kigango, na makaratasi yaliyobanwa kwa pini, kopi ya kopi, ambayo herufi zake za pembeni zimekatwa na mashine. Hayo makaratasi ndiyo mahubiri yake, na aliyeyaandika ni mtu mmoja. Mwaka ukizunguka anayarudia, na waumini wanajua sentensi inayofuata kabla hajaifikia. Ukungu wa Mgeta nao haumsubiri mtu. Kitabu kikiwekwa kwenye ukuta unaopitisha unyevu, masika mawili yanatosha kugandisha kurasa. Kwa hiyo hata kile kidogo alichopewa kinaoza mikononi mwake, na hakuna anayepanda kumletea kingine. Mtu huyo analisha watu mia na zaidi kila wiki. Mjini kuna maktaba za teolojia zenye rafu hadi darini, na yeye hajawahi kualikwa hata kuzitazama.

Anachonyimwa ni kipi hasa? Tufuate njia moja tu kati ya nyingi, ili wenye funguo wajue tunachodai.

Mwaka 203, mjini Karthago, katika nchi inayoitwa leo Tunisia, mama kijana aitwaye Perpetua aliuawa kwa ajili ya imani pamoja na Felisita, mwanamke mtumwa aliyejifungua gerezani. Kabla ya kufa Perpetua aliandika kwa mkono wake mwenyewe: giza la gereza, joto, wasiwasi juu ya mtoto wake anayenyonya, mabishano na baba yake aliyemsihi akane, na ndoto alizoota. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo tuliyonayo, na yametoka bara hili. Tanzania ina akina Perpetua wengi waliobatizwa kwa jina hilo. Ni wangapi wamewahi kuambiwa kwamba msimamizi wao alikuwa mwandishi?

Baadaye katika karne hiyohiyo, huko Misri, Antoni aliacha mashamba ya wazazi wake akaenda jangwani kusali. Athanasi, askofu wa Aleksandria, akaandika maisha yake. Maandishi hayo yakavuka bahari, na mwaka 386, mjini Milano, mtu mmoja akasimulia habari za Antoni mbele ya mwalimu wa ufasaha aliyekuwa ametatizwa na maisha yake. Mwalimu huyo ni Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo. Mwenyewe anaeleza katika Maungamo jinsi habari hizo zilivyomchoma. Zaidi ya miaka 1,100 baadaye, Teresa wa Avila huko Hispania akapewa Maungamo hayo akayasoma, na naye ameeleza jinsi alivyojiona humo na kulia. Mwaka 1604 Wakarmeli wa urekebisho wake waliingia Ufaransa, na mmoja wa waliowaleta ni padre Pierre de Bérulle. Kutoka shule yake ya kiroho alitoka Jean-Jacques Olier, mwanzilishi wa seminari ya Saint-Sulpice mjini Paris. Humo ndani alilelewa kijana mmoja mgonjwa wa kifafa, mtoto wa rabi wa Saverne aliyebatizwa ukubwani, jina lake François Libermann.

Libermann tunamjua hapa, au tunapaswa kumjua. Mwaka 1848 shirika lake dogo liliungana na Shirika la Roho Mtakatifu. Alifariki 1852. Miaka 16 baadaye wanashirika hao waliweka misheni Bagamoyo, 1877 wakafika Mhonda katika milima ya Nguru, 1882 wakafika Morogoro, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wameshapanda Uluguru. Katika barua zake Libermann aliwataka wamisionari wake wavue Uzungu wao na kujifanya watumishi wa watu waliotumwa kwao. Wapo waliomtii na wapo waliomsahau, lakini hilo tuliache kwa leo.

Msomaji ahesabu vituo mwenyewe: Karthago na jangwa la Misri, Thagaste, Milano, Avila, Paris, Bagamoyo, Morogoro. Urithi ulioanza Afrika ulizunguka dunia kwa karne 16 ukaja kupanda mlima wetu kwa miguu. Ulipofika, tulipokea kituo cha mwisho peke yake. Muumini wa Uluguru akafundishwa kusali kama watu wa Ufaransa na Uholanzi wa karne ya 19 na mwanzo wa 20, na hakuambiwa kwamba hao nao walifundishwa na Waafrika. Wamisionari wa mwanzo tunaweza kuwasamehe: walikuwa na homa, lugha ngeni na makaburi ya kuchimba. Sisi tuliokuja baadaye, wenye digrii, tunajitetea kwa lipi?

Wanaoshikilia mwalimu mmoja husema wanafanya hivyo kwa uaminifu kwake. Historia ya walimu wenyewe inawakatalia. Libermann aliwahi kuwa mlezi wa wanovisi wa shirika lisilo lake, la Mtakatifu Yohane Eudes, huko Rennes, na akajifunza kwao. Francis Jordan, kijana maskini wa Gurtweil aliyeanza kama fundi rangi, alijifunza lugha nyingi, akaanzisha shirika lake Roma mwaka 1881, na akataka Mwokozi ajulishwe kwa kila njia na kila namna. Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2024, alikuwa mpwa wa Yosefu Cafasso na mwanafunzi wa Yohane Bosco, na hakuna anayeweza kumweleza Allamano bila kuwataja hao wawili. Teresa wa Mtoto Yesu, ambaye novena zake zinauzwa kila mlango wa kanisa, alikikariri kitabu cha Thomas à Kempis tangu utotoni, na anasema mwenyewe kwamba akiwa na umri wa miaka 17 na 18 chakula chake cha roho kilikuwa Yohane wa Msalaba. Mwanafunzi wa Teresa asiyejua kwamba kuna Yohane wa Msalaba amefungiwa mlango na watu, kwa maana Teresa mwenyewe aliuacha wazi.

Jirani zetu Waislamu wana adabu hapa ambayo ingetufaa. Mwanachuoni wao akiulizwa elimu yake kaitoa wapi, humtaja aliyemsomesha, na aliyemsomesha aliyemsomesha. Wahubiri wetu wa siku hizi ukiwauliza swali hilo wanakuambia wameshushiwa.

Kwa Waadventista wa Sabato tuseme kwa haki. Kwa vitabu kuwafikia watu, wametupita sote. Uchapaji wao uko hapahapa Morogoro, na wainjilisti wao wa vitabu wanagonga milango hata ya vijiji ambavyo sisi tunavijua kwa jina tu. Mwalimu wao mkubwa ni Ellen White, aliyefariki 1915. Mama huyo alikuwa msomaji asiyechoka, na katika kitabu chake kikubwa kuhusu historia ya Kanisa alitumia kazi za wanahistoria kama D'Aubigné na Wylie. Tungependa ndugu zetu hao, wenye mtambo na wenye miguu, wamfuate katika usomaji huo pia. Madhehebu mengine yajifunze kwao kugonga milango.

Tena kuta za madhehebu hazikuwazuia wakubwa. Martin Luther ndiye aliyechapisha, mwaka 1516 na tena 1518, kitabu cha maisha ya kiroho cha Kijerumani kilichoandikwa na mtu asiyejulikana. John Wesley alitoa kwa Kiingereza kitabu cha Thomas à Kempis, mtawa wa zama za kabla ya matengano. Wakatoliki nao waliagizwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya umoja wa Wakristo ya mwaka 1964, wachote mara nyingi zaidi katika utajiri wa kiroho wa mababa wa Mashariki. Miaka 60 imepita. Tuonyeshwe parokia iliyotii.

Upande wa Kiswahili aibu ni kubwa zaidi, kwa sababu hapa hatuwezi kusingizia lugha. Mathias Mnyampala, hakimu na malenga wa Ugogo, alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963 na Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Mwalimu Nyerere alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zikachapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Hizi ni kazi za walei wawili, Watanzania, waliokaa na Maandiko na kuyapima kwa vina na mizani. Utenzi umeumbwa kusomwa kwa sauti mbele ya watu, hata mzee asiyejua kusoma aushike. Lakini mtu akiingia dukani kwetu akauliza tenzi za Biblia, muuzaji anamwonyesha kitabu cha nyimbo. Jina la Nyerere linatajwa kila Oktoba kwa mbwembwe, na Injili yake imelala ghalani.

Halafu wapo wanateolojia wetu. Charles Nyamiti wa Tabora aliandika mwaka 1984 juu ya Kristo kama mhenga wetu. Laurenti Magesa wa Musoma aliandika mwaka 1997 juu ya dini ya Kiafrika na utimilifu wa uzima, na mwaka 2013 akarudi kwenye roho ya Kiafrika. Wote wawili wamefariki miaka ya karibuni, na vitabu hivyo vimesomwa Nairobi, Ulaya na Marekani kwa Kiingereza. Mluguru, ambaye ukoo wake unafuata upande wa mama na ambaye anaujua uzito wa mizimu ya ukoo kuliko profesa yeyote, ndiye msomaji aliyefaa kabisa kubishana na Nyamiti. Hajapewa nafasi hiyo. Hata habari za wamisionari na Waluguru wenyewe zimeandikwa vizuri na mtafiti Mholanzi, Peter Pels, katika kitabu cha 1999, kwa Kiingereza vilevile. Bibi wa Matombo ambaye wazazi wake wanazungumziwa humo hawezi kusoma ukurasa mmoja.

Na uamsho? Miaka ya 1930 moto ulianzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, ukaingia Tanganyika. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu, alifundisha shule Dodoma katika miaka ya 1940 na kueneza ushuhuda huo. Waanglikana wa Berega na kwingineko mkoani wana wazee waliolelewa na watu wa uamsho. Shuhuda zao ni maandishi ya kiroho ambayo hayajaandikwa bado, na wazee hawamsubiri mtu.

Tunajua majibu tutakayopewa. La kwanza ni kwamba waumini watachanganyikiwa. Ni kweli kwamba si kila kitabu kinamfaa kila mtu, na Yohane wa Msalaba akisomwa ovyo na mtu mwenye huzuni anaweza kumdhuru. Ndiyo maana kuna wachungaji. Mchungaji anayeogopa kuongoza usomaji, huku akiwaacha kondoo wake na simu zenye kila aina ya nabii, atuambie anamlinda nani dhidi ya nini.

Jibu la pili ni kwamba watu hawasomi. Watu hao hao wanasikiliza mahubiri saa nzima wakipalilia kabichi Nyandira, na wanakariri beti na beti za kwaya. Kinachokosekana ni mtu wa kusoma kwa sauti jumuiyani. Nusu saa ya jumuiya ndogondogo hupotea kila wiki kwenye hesabu za michango, na tunaandika hivyo tukijua tutakasirikiwa.

La tatu ni fedha. Hapo tunakubali kwamba karatasi ni ghali, na kwamba kitabu cha kurasa 200 ni mzigo kwa mkulima anayesubiri bei ya njegere. Lakini harambee ya gari la paroko hujaa, na sherehe za jubilei huwa na fulana, kofia na keki. Fedha za mradi mmoja wa namna hiyo zingechapa vijitabu vya kurasa 40 kwa vigango vyote vya mlimani.

Linalotakiwa linawezekana, na limekwisha kufanyika mjini humu. Kitabu Hatua Tatu za Maisha ya Kiroho, muhtasari wa Kiswahili wa kazi kubwa ya Mdominiko Mfaransa Reginald Garrigou-Lagrange, kilitolewa Morogoro na Ndugu Wadogo wa Afrika, jumuiya ndogo isiyo na chuo wala ghorofa. Ni wafuasi wa Fransisko wakimleta kwetu Mdominiko aliyejenga mafundisho yake juu ya Thoma wa Akwino na Yohane wa Msalaba. Hawakuona kwamba kumleta mwalimu wa shirika jingine ni kumsaliti wa kwao. Ikiwa jumuiya ya aina hiyo imeweza, taasisi zenye wahadhiri wa kulipwa zina deni kubwa kuliko zinavyokiri.

Basi wahadhiri wa teolojia na falsafa wa mji huu watafsiri. Kila mmoja achukue sura moja kwa mwaka kutoka kwa mwalimu asiyekuwa wa shirika lake wala dhehebu lake, kwa Kiswahili ambacho katekista ataweza kukisoma bila kukwama, na ampe katekista huyo aijaribu kabla haijachapwa. Wanafunzi wanaodurufu desa usiku kucha kabla ya mtihani wanaweza kudurufu Perpetua pia. Walezi wa nyumba za malezi waweke sharti kwamba hakuna novisi anayeweka nadhiri za kwanza kabla hajasoma kitabu kizima cha mapokeo mengine na kukieleza mbele ya wenzake. Maktaba za vyuo zifungue mlango siku moja kwa mwezi kwa makatekista na wainjilisti, zikiwalipia nauli ya kushuka na kurudi, kwa sababu mwaliko usio na nauli kwa mtu wa Mgeta ni maneno matupu. Wakuu wa makanisa, mkutanapo kwenye shughuli za kiserikali mkikaa safu moja ya viti, mnaweza kukubaliana orodha moja ya vitabu vya kuchapa kwa pamoja. Nyumba za uchapaji zipo Ndanda, Peramiho na Dodoma, na mojawapo iko hapa mjini.

Maparoko na wachungaji wa sharika tunawaanzishia kwa jambo moja lenye tarehe. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 48, inaagiza kwamba Kwaresima inapoanza kila mmonaki apewe kitabu kimoja kutoka maktaba akisome chote kwa mfululizo. Kanuni hiyo ina umri wa karibu miaka 1,500, na wenye kuifuata wako kusini mwa nchi yetu. Jumatano ya Majivu ijayo kila jumuiya na kila mtaa, kuanzia mjini hadi kigango cha mwisho chini ya kilele cha Kimhandu, ikabidhiwe kitabu kimoja cha mwalimu ambaye haijawahi kumsikia, kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni dhidi ya unyevu, pamoja na jina la atakayekisoma kwa sauti. Baada ya Pasaka gazeti hili litauliza, parokia kwa parokia na usharika kwa usharika, ni kitabu gani kilitoka na kilifika wapi, na majibu tutayachapa.